Mume Wangu Alijenga Uwanja wa Shabaha, Halafu Hapigi Risasi

Mume wangu alimzika kuku.

Sijasema alimchinja. Alimzika. Alichimba shimo nyuma ya banda, akamlaza humo, akafukia, akakanyagia udongo kwa viatu vyake vya kazini. Kuku mzima na nyama yake, na mimi sufuria nimeshaiweka jikoni.

Nilipomuuliza, akasema amemkuta amekufa, labda ni ugonjwa. Nikamwambia huyo kuku asubuhi tu kataga, na hapa Kentucky kuku hatumfanyii mazishi, tunamfanyia mchuzi.

Hakucheka. Akaingia bafuni, akanawa mikono muda mrefu.

Wiki iliyofuata akatangaza kwamba anajenga uwanja wa kulenga shabaha nyuma ya nyumba.

Nisomeni mpaka mwisho ndipo mnitukane, maana kutukanwa nastahili.

Kwanza mumjue huyu Trent. Ni fundi wa miwani. Anashinda dukani mjini akiwauliza watu kama wanaziona herufi. Kazaliwa Cincinnati, ghorofani. Siku ya kwanza nilipomleta nyumbani, baba yangu alimpa bunduki aishike kidogo, jamaa akaipokea kama kapewa mtoto aliyejinyea. Baba alicheka wiki nzima.

Baba yangu sasa, mzee Hobart, huyo ni habari nyingine.

Nyumba yake iko juu ya kilima. Yetu iko chini bondeni, kwenye kiwanja alichotupa yeye mwenyewe siku ya harusi. Katikati pana msitu wa baba. Kila Jumapili akitoka kanisani analala kidogo, kisha saa kumi kamili anakaa kwenye baraza yake ya nyuma na bunduki ya babu yake, anapiga sahani za bati alizozitundika kwenye uzio wa upande wa msitu. Risasi ishirini, hazipungui wala hazizidi. Na hanunui dukani. Anayeyusha mwenyewe kwenye sufuria kuukuu ya marehemu mama, anamimina kwenye kalibu ya ukoo.

Milio ile nimeisikia tangu tumboni. Masikio yangu yalishaacha kuisikiliza, kama mtu aliyelala chumba kimoja na saa ya ukutani.

Basi mtu na baba wa namna hiyo, halafu mume wake anajenga uwanja wa shabaha. Mngekuwa nyinyi msingecheka?

Binamu yangu Dwight ndiye aliyeleta udongo, malori na malori. Trent hakukubali umwagwe hivihivi. Alisimama na chekeche kubwa kama la mfyatua matofali, anatoa mawe. Kila jiwe. Eti risasi ikigonga jiwe inarudi, ikiingia kwenye udongo mtupu inatulia humo humo. Dwight akaenda kuhadithia kwa kinyozi kwamba shemeji yetu anachekecha udongo kama anataka kupika keki.

Tuta likapanda. Futi sita nikanyamaza. Futi kumi nikamuuliza kama anamsubiri farao. Lilipofika kumi na mbili likawa pana kuliko nyumba, na jua la asubuhi jikoni kwangu likawa linachelewa nusu saa.

Halafu akaja na vibao. Akaja na masharti kumi na mawili, ameyapigilia kwenye nguzo. Miwani ya kinga, viziba masikio vya wageni ambao hatuna, bendera nyekundu kwenye mlingoti. Bendera ikipanda, hakuna kiumbe kukanyaga uani.

Na sasa sikilizeni kituko chenyewe. Upande wa chini wa kiwanja chetu pana jabali alilolisimamisha Mungu, refu, bure. Wajomba zangu wote wamejifunzia hapo. Mjomba Vernon ana sikio pungufu, lakini hiyo ni habari ya zamani na alikuwa amelewa. Trent kaliacha jabali, kaliweka tuta upande wa juu, unaoelekea msitu wa baba. Maana yake akisimama kulenga, anamwelekea baba mkwe wake.

Nikamwambia, "Baba Josie, mbona umelipanga kinyume?"

Akasema, "Limekaa sawa."

Basi. Maneno mawili. Trent ukimtafutia ugomvi anakupa maneno mawili, anakwenda kufuta miwani yake.

Lakini kilichonimaliza ni hiki. Uwanja ulipokamilika, hapigi!

Kuanzia Aprili mpaka Novemba, mtu yule kapiga risasi kumi na moja. Karatasi ya shabaha ilipata tundu moja, na hilo nadhani ni nondo alitoboa. Ila bendera anaipandisha. Kila Jumapili mchana bendera juu, binti yetu Josie anaitwa ndani, mlango wa nyuma unafungwa, halafu bwana mkubwa anakaa kwenye kochi anajaza fumbo la maneno.

Nikampiga picha. Nikaituma kwenye kundi la familia: bendera juu, bunduki kabatini. Baba alijifunza kutuma vikatuni vya kucheka kwa ajili ya picha ile.

Na bado kila Jumamosi Trent anampigia simu baba, anambembeleza aje Jumapili amfundishe kulenga. Sauti ya upole, mzee hivi, mzee vile. Baba anamjibu kwamba yeye si mtoto wa kupiga kichuguu. Mimi niko pembeni nasikia aibu, nasema moyoni, huyu mwanamume hana hata haya ya kukataliwa.

Mwanzoni mwa Novemba Dwight akamtobolea baba uwanja unaelekea wapi.

Baba akaja siku hiyohiyo. Hakuketi. Alisimama jikoni na kofia kichwani, akasema mbele ya Josie, "Miaka sabini na sita, hakuna mtu aliyewahi kunielekezea bunduki. Kaja kufanya hivyo huyu, kwenye ardhi niliyompa mimi."

Trent akasema tuta ni nene, risasi haivuki.

"Basi ligeuze."

"Hapana, mzee."

Baba akanigeukia mimi. Akasema Sikukuu ya Shukrani imebaki wiki tatu, na hatakanyaga kwetu tuta likiwa limesimama. Nichague. Akaondoka, na pai niliyomkatia akaiacha mezani.

Tangu mama afariki, Shukrani ndiyo siku pekee baba anakula akiwa na watu. Nilimlilia Trent. Nilimnunia. Nilimpa makavu ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mama yake ana simu. Mtu huyu hajawahi kuninyima kitu tangu tuoane, hata paka nilimletea wa tatu akakubali. Safari hii akasema, "Mengine yote nitakupa. Tuta halitoki."

Nikahamia chumba cha Josie. Nikaanza kuwaza mambo ya wanasheria, sitawaficha.

Jumapili ya mwisho kabla ya Shukrani, Trent alimpeleka Josie kwa bibi yake Cincinnati. Kabla ya kuondoka akapandisha bendera, akaniambia nisitoke nyuma mpaka saa kumi na moja jioni. Nikamwitikia vizuri, ndiyo bwana, nitafanyaje mimi.

Gari lilipopinda tu, nikampigia Dwight alete katapila. Akasema anaangalia mpira, labda kesho. Nikachukua koleo.

Nilijua siwezi kuliondoa lote. Nilitaka tu Trent akirudi akute limeng'olewa meno. Nikazunguka upande wa nyuma, ule unaotazama kwa baba, mahali ambapo sikuwahi kukanyaga tangu lijengwe. Nikachoma koleo kwa hasira zangu zote.

Ikasikika kama nimegonga kokoto.

Nikacheka peke yangu. Fundi chekeche, jiwe limekuponyoka. Nikainama nilichukue ili nimwekee kwenye sahani ya chakula.

Halikuwa jiwe. Ilikuwa risasi.

Nikachimba tena, nyingine. Nikapangusa udongo kwa kiganja, nikaona vitundu, vingine vya zamani vimeota majani, vingine vibichi. Upande wa nyuma. Upande ambao mume wangu hapigi.

Nikaishika moja mwangani. Ubavuni ina mstari mwembamba, kama mkwaruzo wa ukucha.

Mstari ule naujua. Kalibu ya ukoo iliangushwa na babu juu ya fuawe kabla baba hajazaliwa, ikapata alama, na kila risasi inayotoka humo inabeba alama ile. Nilipokuwa na miaka tisa kazi yangu ilikuwa kuzipanga kwenye kopo. Hakuna kalibu nyingine duniani yenye mstari ule.

Nikainua macho kuangalia juu.

Sijui kwa nini sikuwahi kuangalia. Msitu wa baba, uliokuwa ukizimeza risasi zake, haukuwepo tena. Miti yake ilikufa kwa wadudu, na mwaka juzi aliwauzia wa kiwanda cha mbao, vimebaki visiki. Kutoka nilipokuwa niliiona baraza yake yote, kiti chake, na mtu mdogo amekaa kwenye kiti hicho na kitu kirefu mkononi.

Tena nikakumbuka jambo jingine. Zamani baada ya mlio ilifuata ting ya sahani ya bati. Mlio, ting. Mlio, ting. Sikukumbuka ting ilikoma mwaka gani. Macho ya mzee yalikuwa yameondoka, na mwenye kulijua hilo alikuwa fundi wa miwani peke yake.

Ilikuwa saa kumi kamili.

Nilijitupa chini kabla ya kuwaza. Udongo uliruka hatua mbili kutoka kichwani kwangu, ndipo mlio ukafika. Nikatambaa kwa tumbo kama mjusi kuzunguka tuta, mdomo umejaa mchanga uliochekechwa vizuri. Nilipofika upande wa nyumba nikalikumbatia. Naam, kile kichuguu nilichokitukana miezi saba nilikikumbatia kwa mikono miwili, nikawa nahesabu milio mpaka ishirini.

Trent alinikuta nimekaa kwenye ngazi ya nyuma, nimejaa matope, mkononi kopo la jemu lenye risasi. Alimpeleka Josie ndani kwanza. Akarudi na kibweta cha miwani, akakifungua mbele yangu. Ndani palikuwa na risasi moja, imebonyea, ina mstari.

"Hii ilikuwa ndani ya kuku," akasema. "Josie alikuwa amesimama karibu naye, anamtupia mahindi."

Nililia. Nilipoweza kusema nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Mzee nilimwambia siku ileile. Akasema watu wa mjini tunaogopa hata radi." Akafuta miwani yake. "Na wewe ningekwambia ni risasi za baba yako, ungemwamini nani?"

Jamani, niliichukua ile ya kuku, nikaitia kwenye kopo langu.

Kumbe yule aliyebembeleza kwenye simu kila Jumamosi hakutaka kufundishwa. Alitaka mzee akae upande salama wa udongo. Bendera ile haikuwa ya bunduki yake hata siku moja.

Asubuhi nikapanda kwa baba. Sikusalimia vizuri. Nikaweka risasi mbili juu ya meza. Akaichukua ya kwanza, akaileta karibu na pua, hakuuona mstari. Akautafuta kwa kidole gumba, akaupata.

"Imetoka wapi?"

"Nyuma ya tuta la Trent. Ziko nyingi."

"Na hii?"

"Ndani ya kuku. Josie alikuwa anamlisha."

Kidole kikasimama. Nikamwambia na mahali nilipokuwa mimi jana saa kumi, nimeshika koleo, kwa ajili yake. Baba yangu sijawahi kumwona analia, na siku ile pia hakulia. Alinyanyuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilingoja saa nzima. Nikaondoka.

Alhamisi ya Shukrani bata mzinga yuko mezani, Trent ameshika kisu, tukasikia gari. Baba alishuka akiwa na koleo begani. Hakuingia ndani. Alipita uani moja kwa moja, akaenda nyuma ya tuta, akaanza kuziba vitundu, kimoja kimoja, anashindilia kwa kisigino. Trent akaweka kisu chini, akatoka kumfuata bila koti. Walifanya kazi mpaka nyama ikapoa.

Walipoingia, baba akavua kofia. Akamwambia Trent, "Mkwe, tuta lako fupi. Tuongeze futi mbili."

Hiyo ndiyo samahani ya mzee Hobart. Msingoje nyingine.

Siku hizi Jumapili saa kumi anakuja kwetu, anasoma masharti kumi na mawili huku ananung'unika, anavaa miwani aliyotengenezewa na mkwe wake. Sahani zake za bati kazihamishia mbele ya tuta, na ting imerudi. Trent bado hajui kulenga, na baba bado anamcheka, lakini bendera haishuki mpaka Trent aseme ishuke.

Fundisho langu ni hili. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi mshindo nilipigwa nao nikiwa nimelala kifudifudi. Ukimwona mtu mpole anajenga ukuta ambao huuelewi, kabla hujampiga picha umcheke, zunguka nyuma ukaone umezuia nini.

Yule kuku tumemwekea jiwe. Josie alitaka liandikwe jina, nikaandika mwenyewe: Aliyeipokea risasi badala ya Josie.