Joto la Jumatatu Lililoandikwa Ijumaa

Pale kituo cha afya walimwita Mama Matone, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuwadondoshea watoto wachanga chanjo ya kupooza mdomoni. Matone mawili tu. Mtoto anakunja uso kama aliyeonjeshwa siki, mama anacheka, anayefuata. Alikuwa mnene, mwepesi wa utani, na mikono yake ilikuwa na sifa, maana hata mtoto mwenye kilio cha king'ora akishikwa naye alitulia. Alikuwa muuguzi mzuri. Nalisema hili mapema kwa kuwa yatakayofuata yatamchafua, na mimi sipendi mtu ahukumiwe kabla hajajulikana.

Chanjo zilikaa kwenye friji, ndani ya kichumba cha nyuma chenye paa la bati na dirisha lisilofunguka. Mlangoni pa friji palibandikwa karatasi yenye vijumba vya kujaza: asubuhi na jioni, siku saba za wiki, mtu asome kipimajoto na kuandika nyuzi. Siku saba! Kituo chenyewe kilifunguliwa siku tano. Aliyeitunga karatasi ile hakuwa na habari kwamba muuguzi naye ana nguo za kufua na misiba ya kuhudhuria. Kwa hiyo Mama Matone alifanya kama alivyofundishwa na aliyemtangulia: Ijumaa jioni, kabla ya kufunga, alijaza na vijumba vya Jumamosi na Jumapili. Nne. Nne. Tano. Nne. Ile tano aliitia makusudi, karatasi isije ikaonekana ya mvivu. Msimamizi wa kituo naye alitia sahihi chini bila kuondoa macho kwenye simu yake. Na siku ya kufungua, kipimajoto kilisema nne kweli. Sasa uongo ulikuwa wapi? Mazoea yana taabu, wahenga walishasema, ila taabu yenyewe haina haraka. Hii yake ilisubiri miaka kumi na tisa.

Ilikuja na wiki ambayo Jumatatu yake ilikuwa ya mapumziko. Ijumaa alijaza siku tatu badala ya mbili, akachukua pochi, akaenda zake.

Jumanne alikuta korido inanuka rangi. Msimamizi alikuwa amemleta fundi wa rangi siku za mapumziko ili wagonjwa wasisumbuliwe, jambo la busara kabisa. Friji lilikuwa linanguruma kama kawaida. Kipimajoto kilisema sita. Sita si nne, lakini mwisho ni nane, kwa hiyo hakujali. Akatazama karatasi: Jumamosi nne, Jumapili nne, Jumatatu nne. Alisoma mwandiko wake mwenyewe akauamini.

Kulikuwa na jambo moja zaidi la kutazama, la sekunde moja tu. Kila kichupa cha matone kina duara dogo la zambarau kwenye lebo, na katikati ya duara kuna kijisanduku cheupe. Chanjo ikipata joto, kijisanduku kinaanza kuiva. Kikilingana rangi na duara, ujue iliyomo ndani imekufa. Haibadiliki harufu wala sura, inakufa kimyakimya. Lakini foleni ilishafika nje, watoto wanalia kwa zamu na kwa pamoja, na karatasi ilisema nne. Hakutazama.

Katika foleni hiyo alikuwemo mshonaji. Huyu alikuwa binti wa mtaa wa pili, mwenye cherehani kibarazani na mtoto wa kike wa miezi minne ambaye hakuwa amepata chanjo hata moja. Mshonaji alikuwa amesikia maneno, na maneno ya mtaani hayana mwenyewe. Mama Matone alimwendea mara tatu. Mara ya tatu alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, niamini mimi. Kikiharibika kitu, usimtafute daktari wala serikali, njoo unishike mimi." Na leo alikuwa amekuja, amemvalisha mtoto kofia aliyoishona mwenyewe. Mama Matone alifurahi mpaka akawaita wenzake waje waone. Akamdondoshea mtoto matone mawili, na wote wakapiga makofi.

Siku hiyo walipita watoto thelathini na wanne.

Saa tisa alasiri, akikusanya vichupa vitupu vya kutupwa, kimoja kilimponyoka kikaviringika hadi chini ya friji. Akainama kukifuata. Ndipo alipoona kwamba ukuta wa nyuma ya friji ulikuwa mpya, mweupe, umepakwa mpaka chini kwenye pembe. Alibaki ameinama vile vile. Mtu hawezi kupaka ukuta wa nyuma ya friji bila kulisogeza, na waya wa friji lile ulikuwa mfupi, kila mtu pale alijua, haukuruhusu hata hatua moja. Akakigeuza kile kichupa mkononi. Kijisanduku kilikuwa cha zambarau. Akachukua kingine, hivyo hivyo. Akamwaga ndoo yote mezani akavigeuza kimoja kimoja. Chanjo za sindano, ambazo ni ngumu zaidi kwa joto, zilikuwa salama. Matone yote yalikuwa yameiva.

Fundi wa rangi alikuwa bado yuko nje, anaosha brashi.

"Fundi, lile friji ulilisogeza lini?"

"Ijumaa jioni, mama. Zito lile, kama limebeba mawe! Nikalichomoa, nikapaka mkono wa kwanza, nikaacha pakauke, nikapiga wa pili. Jana jioni nikalirudisha mahali pake na umeme wake, usiwe na wasiwasi."

Siku tatu, katika kichumba cha bati. Alimshukuru, akarudi ndani akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Hofu iliyompata ni ya namna yake, na naomba ieleweke. Kama angempa mtoto sumu, mtoto angelia, mwili ungevimba, watu wangekuja na kelele, na mambo yangejisema yenyewe. Hapa hakuna aliyeumia. Mama thelathini na wanne walikuwa nyumbani wakiwa na furaha, kadi zimegongwa mhuri, watoto wamelala. Hakuna ambaye angejua, leo wala mwaka kesho, isipokuwa kama ugonjwa wenyewe ungepita mtaani na kuchagua miguu. Mama Matone aliujua ugonjwa huo. Shuleni alikaa dawati moja na msichana aliyetambaa kwa mikono, kandambili kavaa viganjani, na yeye ndiye aliyembebea mkoba miaka mitano. Sasa aliogopa kwa ajili ya watoto, na hapo hapo aliogopa kwa ajili ya kazi yake, na hofu ya pili ilimtia aibu kuliko ya kwanza.

Asubuhi yake aliingia kwa Msimamizi.

"Kama ni likizo, hakuna," Msimamizi alisema kwa utani.

"Bosi, matone ya jana yalikuwa yamekufa."

Akaeleza yote. Msimamizi aliinuka akafunga mlango. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi sikiliza. Sahihi yangu iko kwenye ile karatasi kila wiki. Tukianguka, tunaanguka wawili. Nitaazima vichupa vizima kituo cha jirani leo hii. Wewe wapigie simu, waambie kuna tone la nyongeza, limetolewa na wizara. Warudi, wapewe, yaishe. Mtoto anapona na sisi tunapona. Kuna ubaya gani hapo?"

Na kwa kweli Mama Matone hakuuona ubaya. Aliona mlango umefunguliwa. Nusura amkumbatie.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikwisha siku hiyo hiyo kabla ya saa nane. Akina mama kumi na mmoja walikubali wakaja. Wengine walicheka. "Sista, si jana tu? Tutakuja mwezi ujao." Mmoja alisema mtoto ana mafua, mwingine alisema nauli yake hairuhusu mambo ya nyongeza. Tone la nyongeza si la haraka, nani aache kazi kwa ajili ya nyongeza? Alhamisi alipiga tena, wawili tu wakaja. Mchana alimpata mshonaji.

"Mama, ulisema yakiingia yameingia," mshonaji alisema, cherehani ikisikika nyuma yake. "Mbona sasa kuna mengine? Wale walionionya walisema hivi hivi, mtaanza na moja, mtaniita kila siku. Halafu Jumamosi nasafiri. Nakwenda kwa baba yake mtoto, kule mpakani."

Mama Matone alishika meza. Kule mpakani ndiko watoto wawili walikopooza, redio ilikuwa ikisema wiki nzima sasa.

"Usiende naye," alisema.

"Kwa nini?"

Hapo ndipo pa kusema. Lakini mdomo ukasema, "Aa, baridi tu. Kule kuna baridi." Akakata simu akaitazama, akajichukia kwa moyo wake wote.

Ijumaa jioni alisimama mbele ya friji na kalamu, kama Ijumaa zote. Vijumba vya Jumamosi na Jumapili vilikuwa vitupu. Mkono ulikwenda wenyewe, ukaandika nne, wino mbichi, kabla hajajua anafanya nini. Aliiona ile nne akaogopa kuliko alivyoogopa tangu Jumanne. Wiki nzima ya kutetemeka, na mkono haukuwa umejifunza kitu! Akabandua karatasi zote mbili, ya wiki hii na ya wiki iliyopita. Akaandika kwa herufi kubwa: NILIJAZA BILA KUSOMA. FRIJI LILIZIMWA SIKU TATU. Akatia sahihi, akaziweka mezani kwa Msimamizi.

Msimamizi alisoma akawa mwekundu wa macho. "Mimi nina watoto wanne, unajua?"

"Najua, bosi. Na mimi nina thelathini na wanne."

Akachukua kasha la barafu, akaweka kichupa ndani, akashika njia ya mtaa wa pili. Alitamani njia iwe ndefu, ikawa fupi.

Mshonaji alikuwa anafunga mizigo. Mtoto alikuwa amelazwa juu ya vipande vya kitambaa, anarusha miguu hewani, mguu huu, mguu ule, kwa nguvu zake zote. Mama Matone aliitazama ile miguu, akaanza bila hata kusalimia.

"Mwanangu, nilikudanganya kwenye simu. Hakuna nyongeza. Yale ya Jumanne yalikuwa yameharibika kwa joto. Hayatamdhuru, lakini hayamkingi pia. Ni kama hakupata kitu. Kosa ni langu, niliandika joto ambalo sikulisoma. Nilikuambia uje unishike. Nimekuja mwenyewe."

Mshonaji aliketi kwenye kiti cha cherehani, akamchukua mtoto, akamkumbatia akimpa Mama Matone mgongo.

"Mtaa mzima ulinicheka nilipokataa," alisema. "Jumanne nikawatukana wote, nikasema sista yule hasemi uongo."

Mama Matone alilia.

"Nitajuaje kama hiki nacho si kibovu?"

Akampa kichupa. Akamwonyesha duara, akamwonyesha kijisanduku, cheupe, akamweleza. Mshonaji alikipeleka kwenye mwanga wa mlangoni, akakigeuza, akakisogeza karibu na jicho kama anayetunga uzi kwenye sindano. Alichukua muda mrefu sana. Kisha akafungua mdomo wa mtoto kwa vidole vyake mwenyewe.

"Mpe. Lakini usifikiri nimekusamehe."

Wengine nao aliwaambia ukweli ule ule, wakaja. Walikuja wakifoka, mmoja alikuja na mumewe na kaka za mumewe, lakini walikuja mbio, siku ile ile waliyoambiwa, bila kuuliza nauli. Mama Matone alipewa barua ya onyo na kukatwa mshahara, Msimamizi akahamishwa na hajampokelea simu mpaka leo. Na siku za chanjo, foleni ya kituo kile ina tabia mpya. Mama akifika mbele, kabla ya kumtoa mtoto mgongoni, ananyoosha mkono. "Nionyeshe kwanza." Mshonaji aliwafundisha. Mama Matone humkabidhi kichupa kila mmoja, na kila mmoja anapokipeleka kwenye mwanga, moyo humwenda mbio kana kwamba yeye ndiye anayepimwa.

Watoto waliopewa upya walikuwa thelathini na watatu. Wa thelathini na nne, namba ya simu ya mama yake haikupatikana, na mtaa ulioandikwa kwenye daftari haukuwa na mtu anayewajua. Mama Matone ameuzunguka mara tisa, mlango kwa mlango. Sasa ni mwaka na nusu. Popote alipo, mtoto yule amefika umri wa kutembea. Kwa hiyo Mama Matone akipita barabarani hatazami nyuso za watu, hutazama miguu ya watoto. Akimwona mmoja anachechemea, husimama pale pale, kikapu mkononi, na kumfuata kwa macho hatua kwa hatua, mpaka mama yake ainame na kumvua kiatu kinachombana.