Tumbo la Wifi Yangu

Wifi yangu na mimi ni wa umri mmoja. Yeye ni dada wa mume wangu. Alirudi kwao Migato baada ya kufiwa na mumewe, na nyumba yake na yangu zimetenganishwa na uzio wa minyaa tu. Tulipalilia pamba pamoja, tukaimba kwaya pamoja, hata hedhi ilianza kutuaga msimu mmoja. Yake ilikata kimya kimya. Siku moja tukianua matobolwa, vile viazi vya kuchemshwa na kukaushwa, aliniambia tu, "Wifi, mimi nimemaliza," kama mtu aliyemaliza kuosha vyombo. Yangu ilikwenda ikirudi karibu miaka miwili, na ilipoondoka iliniachia tumbo nisilolijua.

Asubuhi lilikuwa la kawaida. Mchana ukifika limejaa, gumu, mpaka nalegeza kitenge. Maharage yalinipa gesi. Maziwa ya mgando, ambayo nimekua nayo, sasa yalinguruma ndani. Kiungulia kila jioni, na choo siku tatu sikioni. Wifi alikula hayo hayo, tena sahani moja na mimi, akajifuta mdomo, akachukua jembe.

Nilimwonea wivu, sina neno zuri zaidi la kulisema hilo. Nilimtazama akitafuna michembe ya viazi vikavu na karanga, nikawa namwombea kiungulia, japo cha siku moja.

Siku ya kupokea ng'ombe wa mahari ya binti yake, mama mmoja mtu mzima wa upande wa bwana harusi alinishika mkono.

"Mwadila, mayu," alinisalimu, kisha macho yakashuka. "Kumbe Mungu amekukumbuka tena! Miezi mingapi?"

Nilikuwa na miaka hamsini na mbili. Wifi alikuwa nyuma yangu na sahani ya pilau.

"Huyo ni bibi sasa," alisema akicheka. "Humo hamna kitu, ni hewa!"

Wanawake wote wakacheka. Niliingia chumbani nikakaa kitandani, lile joto la ghafla likinipanda hadi masikioni, nisijue ni la umri au la hasira.

Wiki nzima sikumsemesha. Nikajishawishi kwamba ana dawa anayonificha, mizizi fulani anayochemsha alfajiri. Asubuhi moja alipokwenda kisimani nilipita kwenye uzio, nikaingia jikoni kwake. Nilifunua vyungu. Nilinusa makopo: chumvi, majani ya chai, iliki. Alinikuta nimeshika kopo la iliki.

"Unatafuta nini, wifi?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya tumbo. Hiyo unayokunywa wewe."

Akatua ndoo, akakaa kwenye kigoda.

"Sina dawa," alisema. "Tumbo langu ndivyo lilivyo tu."

Jibu hilo liliniuma kuliko kama angekuwa ananificha. Dawa ningemwomba. Tumbo la mtu unaliombaje? Nikalia pale pale jikoni kwake, na ndipo nikamweleza yote: choo, gesi, ile aibu ya siku ya mahari. Hakucheka safari hii.

Kesho yake alinipeleka hospitali Bariadi. Daktari, binti wa umri wa wanangu, alinibonyeza tumbo, akanipima, akaniambia wanawake wengi wa umri wangu hupitia hayo hedhi inapokoma. Nile kidogo kidogo na taratibu. Maharage niyaloweke usiku kucha na maji yake niyamwage. Ninywe maji, nitembee baada ya kula, nisilale na shibe. Nikiona damu kwenye choo au nikianza kukonda, nirudi haraka.

"Na usione aibu kuja, mama," alisema.

Nyuma ya daftari la kwaya nikawa naandika nilichokula na tumbo lilivyofanya. Maharage ya kulowekwa yalikubali. Mgando ulikataa, nikauacha huku roho ikiniuma, maana mume wangu aliendelea kuunywa mbele yangu. Jioni wifi alinipitia, tukatembea hadi lambo la kunyweshea ng'ombe na kurudi. Yeye hakuwa na haja ya kutembea. Alikuja na karanga zake mfukoni, akitafuna njia nzima.

Jioni moja nikashindwa kuvumilia.

"Wifi, nilikuwa nakuonea wivu. Hata sasa hivi."

"Nilijua," alisema. "Ulikuwa unanihesabia matonge."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Niache kula?"

Tulicheka hadi mchunga ng'ombe mmoja akageuka kututazama.

Tumbo limepungua sasa, na choo nakipata. Lakini halijawa lile la zamani. Kuna siku linajaa bila sababu, na siku hizo sipiti kwa wifi wakati wa chakula.