Kuhesabu Mpaka Tisini

Kanuni yake ilikuwa moja: msumeno ukizimwa, mikono inakwenda nyuma ya mgongo, na haitoki huko mpaka ahesabu tisini. Alihesabu kwa sauti, mbele za watu, bila haya. Ndiyo maana karakana nzima ya useremala ilimwita Tisini, na wengi walikuwa wamelisahau jina alilopewa na wazazi wake.

Kanuni hiyo aliachiwa na marehemu mumewe, fundi mitambo aliyeufunga ule msumeno wa mviringo kwenye meza yake ya chuma. Siku ya kwanza alipomfundisha kupasua mbao alimwambia, "Mke wangu, kitu kikishaanza kwenda hakina sababu ya kusimama, mpaka kikutane na cha kukisimamisha. Angalia kisiwe mkono wako."

Siku hizo beringi, zile pete za chuma zinazoushikilia msumeno uzunguke, zilikuwa kuukuu. Ukizima, msumeno ulilia kama mbuzi aliyefungwa, ukasimama kabla hujafika arobaini. Kisha mwenye karakana, mdogo wa mumewe, akanunua beringi mpya, akazijaza grisi, akajisifu juma zima. Hakujua alichokinunua. Msumeno ulikuwa umepoteza kile cha kuukwaruza na kuuchosha, ukawa unazunguka kimya mpaka sabini, mpaka themanini. Meno yake hayaonekani katika mwendo ule. Unaona duara la chuma limetulia, linang'aa kama sahani iliyooshwa. Tisini akaongeza hesabu mpaka tisini, na katika miaka yake yote kumi na tisa ya kazi hakuna aliyemwaga damu kwenye meza yake.

Mwenye karakana hakuiona hiyo miaka. Aliziona dakika. Asubuhi moja alisimama nyuma yake na simu mkononi, akapima.

"Shemeji, dakika moja na nusu! Mtu mzima unahesabu kama mtoto wa chekechea?"

"Nasubiri isimame."

"Mashine ikizimwa imekufa."

"Haijafa, shemeji. Iko njiani."

"Njiani kwenda wapi?" Mafundi wakacheka.

"Kwenye vidole vyako, ukiwa na haraka."

Hapo walicheka zaidi, na mtu mwenye cheo kidogo haogopi kitu kama kuchekwa. "Kuanzia leo," akasema, "hakuna wa kusubiri chochote humu. Anayetaka kuhesabu akafundishe shule."

Kesho yake Tisini alipewa ufagio. Msumeno akapewa fundi wa vanishi, baba wa watoto watano, mtu mwema mwenye mdomo usiojua kupumzika.

"Tisini, mimi nitahesabu mpaka tatu. Nikichoka, mbili!"

"Kaka, kipande kikinasa, kisukume kwa fimbo."

"Fimbo ni ya wachunga ng'ombe, dada yangu. Bosi kasema twende mbio."

Jumatano, saa nne asubuhi, umeme ulikatika. Karakana ikaguna "Aaah!" kwa pamoja, kama inavyoguna siku zote. Mota zikanyamaza, watu wakaweka vifaa chini, mmoja akaanza kuulizia chai. Kimya kilitanda hata ungesikia vumbi la mbao likitua. Msumeno nao ulikuwa kimya. Ulikuwa umekatiwa umeme. Mwendo wake haukuwa umekatwa na mtu.

Tisini, ufagio mkononi, alikuwa akihesabu kwa mazoea tu. Alikuwa kwenye kumi na mbili alipomwona fundi wa vanishi anainama kuchomoa kipande kilichonasa.

"Kaka! Mkono!"

"Umeme haupo, dada, huoni?"

Vidole vinne, mkono wa kulia.

Hayo mtu anaweza kuyaita ajali. Yaliyofuata yana jina jingine. Siku ya tatu mwenye karakana alimwita Tisini ofisini, chumba chenye kalenda tatu na kiti kimoja, na kiti kilikuwa chake. Mezani palikuwa na karatasi ya ushahidi kwa ajili ya ofisi ya fidia, imeshachapwa: *Mashine haikuwa na umeme. Mfanyakazi aliumia kwa uzembe wake.*

"Mashine ilikuwa na umeme?" akamuuliza.

"Haikuwa nao."

"Basi ni kweli tupu. Weka saini."

"Ilikuwa inazunguka, shemeji. Na wewe ulikataza watu kusubiri."

"Hicho chumba unacholala nyuma ya karakana ni cha nani?" Kisha akalegeza sauti. "Wewe ni wa nyumbani. Damu ni nzito kuliko maji."

"Na ile niliyoifagia Jumatano ilikuwa nini? Maji?"

Mwenye karakana akamsukumia kalamu. Tisini hakuichukua. Alipeleka mikono nyuma ya mgongo, akasimama mbele ya meza ile na kuhesabu, kwa sauti, moja hadi tisini, shemeji yake akimtazama kama mwendawazimu. Alifika mwisho. Hasira ilikuwa inazunguka vilevile.

Ndipo akaichukua kalamu, akafuta neno uzembe mpaka karatasi ikatoboka, akaandika chini yake: *Ilikuwa imezimika, haikuwa imesimama. Mimi nilisubiri nikapewa ufagio. Yeye aliambiwa asisubiri.* Akatia saini na kuipeleka ofisi ya fidia mwenyewe, kwa miguu, kabla haijapotelea kwenye droo ya mtu.

Fundi wa vanishi alipata haki yake, na siku hizi anajifunza kushika brashi kwa mkono wa kushoto. Tisini alipoteza kazi ya miaka kumi na tisa, chumba alichoishi na mumewe, na ukoo mzima wa mume, ambao haujamjulia hali tangu siku ile.