Shangazi na Kompyuta Yake

Shangazi yangu hupanga picha za kromosomu maabarani, vile vijiuzi vya ndani ya seli vinavyobeba urithi, na kompyuta humsaidia kuvipanga jozi jozi. Huigombeza kama mkwe mvivu: "Wewe nawe, macho umeyaacha wapi?" Kila picha huisogelea mpaka pua inakaribia kugusa kioo. Leo nilikuwa naye kazini, kompyuta ikasema mtoto aliye tumboni mwa dada mmoja aliyekuwa akisubiri kwenye benchi la koridoni ana kijiuzi kimoja pungufu. Shangazi akakuza picha. Kumbe vilikuwa viwili, vimelaliana. Akavitenganisha taratibu, akakagua na picha nyingine, hesabu ikatimia. Ila kutoa majibu ni kazi ya daktari. Tulipopita koridoni, yule dada akauliza, "Mama, vipi?" "Daktari atakuambia, mwanangu," akajibu, uso mkavu. Tulipokata kona tu, alicheza mpaka kiatu kikamchomoka.