Kila Mtu na Mnyororo Wake

Octave wa Bukavu alikuwa fundi hodari na mtu wa kinyongo; ukimkosea leo, Pasaka ya mwaka ujao atakukumbusha. Mwaka 2017 alikuwa kwenye karakana ya Steve, tajiri mmoja wa Johannesburg mwenye uchu wa kukusanya magari makuukuu. Mwenzake pale alikuwa Mansour wa Tanga, na walipatana vizuri, mpaka Steve alipotangaza kwamba kile kifaru kidogo cha vita cha zamani walichokuwa wakikifufua kikishatembea, atabakiza fundi mmoja.

Basi tena. Salamu zikakatika. Wakagawana kifaru kama wake wenza wanavyogawana jiko: Octave kushoto, Mansour kulia, kila mtu na magurudumu yake, springi zake na mnyororo wake wa chuma.

Octave alishika kwamba mnyororo lazima ulegee kidogo, maana gurudumu likipanda jiwe springi hujikunja, na mnyororo uliobana hauna pa kwenda. Mansour alishika kwamba mnyororo uliolegea huchomoka kwenye kona. Wote walisema kweli, na wote walizidisha kwa ukaidi tu: huyu akaulegeza wake ukaning'inia, yule akaukaza wake ukalia ukigongwa. Kila mmoja aliliona kosa la mwenziwe. Octave alilimeza neno kwa raha. Mwenye macho haambiwi tazama, alijisemea.

Siku ya majaribio Steve aliingia kukiendesha mwenyewe. Kifaru kikatoka kikivuta upande, kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Kwenye kona ya kwanza, pale langoni, mnyororo wa Octave ukachomoka magurudumuni. Kwa kishindo hicho pini ya mnyororo wa Mansour nayo ikakatika. Kikakaa papo hapo, hakiendi, hakirudi.

Steve akateremka, akauliza kama kweli hakuna aliyeona. Octave akawahi, asije akaonekana mjinga: ule wa Mansour alijua siku nyingi kwamba umebana mno. Mansour akadakia kwamba ule wa Octave aliuona umelegea tangu ulipofungwa. Steve akawatazama kwa chuki, kisha akawaonyesha lango, wote wawili.

Octave alipanda ngazi za ghorofa lao la Joubert Park akipiga mluzi. Mkewe, Denise, alikuwa akisonga ugali.

"Ule mutu wa Tanga bamemufukuza," alimwambia, uso umemnawiri.

Denise akaacha mwiko ndani ya sufuria.

"Na weye, Papa Falonne?"