Jipu la Mkwe Wangu

Leo nacheka, lakini siku ile pale Likoni ningepata shimo ningejifukia mwenyewe.

Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha, nami nimepata nafasi ya kwenda ng'ambo kusoma fizikia, na hesabu zangu (nilivyojiona na akili!) zilikuwa digrii ya miaka mitatu niibane kwa miwili, kisha niunge papo hapo na ile shahada kubwa inayomfanya mtu aitwe daktari. Lakini kabla sijaondoka nilitaka kumposa Mwanakombo, roho yangu ilikuwa kwake, basi nikaenda na ami yangu kwa babake, Mzee Athumani, tukakuta baraza imejaa wazee.

"Binti yangu atakungoja hadi lini?" akauliza mzee.

"Si sana, baba. Wenzangu watasoma mitatu, mimi miwili, kisha udaktari."

"Daktari!" Uso wake ukanawiri. Hapo ndipo ningesema la, baba, si wa dawa, mimi nasoma joto na mwanga na uzito wa vitu, lakini ami alinikanyaga mguu, na neno lenyewe lilinikolea utamu masikioni.

Mzee akavua kofia, akainama. Kisogoni pana jipu, limeiva, wallahi lanitazama.

"Ndoo hapa, mwanangu, lanitesa hili. Leteni wembe!"

Wembe ukaletwa, wazee wakajongea, nami nikajipa moyo kwamba haya nayo ni mambo ya mgandamizo tu (fizikia hiyo!), nikapiga bismillahi, nikalitumbua, usaha ukaruka, na mimi chali juu ya sinia ya halua. Nilipozinduka nilikuwa napepewa na mgonjwa wangu mwenyewe, na nyuma ya pazia Mwanakombo hajiwezi kwa kicheko.

"Mwaona?" mzee akawaambia wenzake. "Haya ndiyo ya kutaka kusoma mbiombio! Mke simnyimi, lakini asome miaka yote, asiruke hata mmoja."

Sikuthubutu kumsahihisha. Nikasoma mitatu kamili, na udaktari juu yake, na Mwanakombo (Mungu ampe kheri) akaningoja. Siku ya harusi, mbele ya kaumu nzima, mkwe akapandisha kanzu akanionyesha goti lililovimba. Safari hii nikasema kweli, kwamba dawa sizijui kabisa.

Akanitazama kwa huruma. "Miaka yote hiyo, mwanangu, na kwenye jipu hamjafika?"

Tangu hapo nikiulizwa kazi yangu, nasema mwalimu.