Mwendo wa Trekta Shambani kwa Kogo

Siku niliyogundua kwamba mume wangu alimdanganya Kogo, nilikuwa nimeenda Litein kununua chumvi ya ng'ombe. Mwenye duka la agrovet, mtu mpole ambaye amekuwa akituuzia dawa na mbegu tangu tuanze kulima, hakuitikia salamu yangu. Aliiweka chumvi juu ya kaunta kwa kishindo.

"Mama, yule nyanya mliyemmwagia mbolea alikuja hapa siku ya soko," alisema. "Ameniita mwizi watu wakisikia. Eti magunia yangu hayajai."

"Nani alimwambia hayo?"

"Si umuulize bwanako."

Kogo ni jirani yetu wa ng'ambo ya mto. Kwa Kipsigis, kogo ni nyanya, na ndivyo sisi sote tunavyomwita, hata sisi ambao wazazi wetu walikuja huku kutoka milima mingine. Upande wa juu wa shamba lake kuna majani chai, na chini yake kuna mteremko wa nyasi unaolisha ng'ombe wake wa maziwa. Sisi tuna trekta kuukuu na spreda ya kumwaga mbolea, na tunafanyia watu kazi. Mvua ilipoanza, mume wangu alikuwa ameenda peke yake kumwaga mbolea kwenye nyasi hizo. Aliporudi aliniambia kazi ilikuwa safi, na mimi nikaamini.

Kutoka Litein sikupitia nyumbani. Nilivuka mto nikaenda kuona.

Nyasi zilikuwa na mistari. Mstari mmoja wa kijani kizito, umekolea hadi ncha za majani zimeungua. Unaofuata umepauka, wa manjano. Kizito, manjano, kizito, manjano, kutoka juu hadi chini. Na kule chini kabisa, karibu na mto, kulikuwa na pembe nzima ambayo haikuwa imeonja hata punje moja. Magunia hayakuwa na upungufu wowote. Mbolea ilikuwa imeishia kwenye ile mistari mizito.

Nilimkuta mume wangu uani akipaka trekta grisi.

"Kwa nini ulimwambia Kogo ameibiwa dukani?"

"Kwa sababu mbolea iliisha kabla ya shamba kuisha. Sasa kama si magunia, ni nini?"

"Ni mwendo wako."

Akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichoniwasha. "Mama watoto, mimi nimeendesha trekta kabla hujanijua. Mwendo wangu ni kilomita nane kwa saa. Nasikia kwa injini."

Sahani ya spreda inazungushwa na injini. Injini ikilia vile vile, mbolea inatoka vile vile, trekta ikitambaa au ikikimbia. Ukienda polepole, kipande kimoja cha ardhi kinameza chakula cha viwili. Hilo halihitaji shule, na limeandikwa kwenye jedwali lililobandikwa ubavuni mwa spreda yenyewe: mwendo huu, fungua mlango wa mbolea hapa. Yeye alifungua wa kilomita nane. Lakini kipima mwendo cha trekta yetu kilikufa kabla hatujainunua, na hakuna siku aliyowahi kuupima mwendo wenyewe.

"Kesho tunapima," nilisema.

"Unanipima mimi?"

"Napima trekta. Ukitaka kujiweka ndani, shauri yako."

Asubuhi niliazima futi ya kamba kwa fundi wa nyumba, nikavuta mita hamsini kwenye mteremko wetu wenyewe, nikachomeka kijiti huku na kijiti kule. Sikutaka tupime barabarani, kwa sababu kwenye udongo laini magurudumu huteleza na barabara ingetudanganya. Nilimwambia aanze mbali, ili akifika kijiti cha kwanza awe ameshashika mwendo, na aendeshe kama alivyoendesha kwa Kogo, spreda ikiwa na mzigo. Akapanda trekta bila kunitazama.

Akipanda mlima aliweka gia ndogo. Sekunde thelathini na sita kwa saa ya simu yangu. Aligeuza juu, akaweka gia kubwa, akashuka. Sekunde ishirini. Na injini ililia sawasawa njia zote mbili. Hapo hakuwa amekosea.

Niligawanya mita kwa sekunde, nikazidisha kwa tatu nukta sita. Kupanda, kilomita tano. Kushuka, tisa. Nane haikuwako popote.

"Hiyo futi imevutika," alisema.

"Rudia."

Akarudia. Sekunde zilikuwa zile zile. Nilimwonyesha simu, akatazama upande wa mto.

"Watu wote huku wanaendesha hivyo."

"Watu wote hawajamtuma mwanamke mzee sokoni kumtukana mtu asiye na kosa!" Nilikuwa napiga kelele sasa, na sikujali nani anasikia. "Ungesema hujui. Tungepima. Badala yake ukatafuta mtu wa kubebesha!"

Akazima trekta akashuka. Jioni, tukiwa bado hatusemezani, tulivuka mto. Nilikuwa nimeapa kwamba nitasema ukweli mimi kama yeye hatasema. Alisema, kwa sauti ya chini, huku akikunjakunja kofia.

Kogo alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasimama.

"Mimi nimemwita mtoto wa mtu mwizi," alisema. "Mimi, kwa kinywa hiki ninachoombea kanisani. Wewe utaenda na mimi siku ya soko. Utasema wewe, na utasema kwa nguvu, vile mimi nilisema."

Walienda. Mwenye duka alisikia, akatikisa kichwa, akaendelea kupanga chupa zake. Mume wangu alinunua mbolea pale pale, akaimwagia ile pembe ya shamba la Kogo kwa gia moja, kupanda na kushuka, mlango wa mbolea ukiwa umefunguliwa kwa mwendo wa kweli. Nyasi zikaota sawa. Ile mistari iliyoungua ilichukua muda mrefu kupona, na Kogo hajatuita tena.

Majuzi mteja mmoja kutoka Chepseon alikuja kututafuta. Nikiwa jikoni nilimsikia mume wangu akimwambia, "Mimi siwezi kumwaga mbolea bila kupima mwendo. Wengi wanabahatisha, lakini mimi nilitambua hiyo kitu mapema."

Niliweka sufuria chini nikatoka nje.

"Wewe ulitambua?" nilimuuliza, mbele ya mgeni.